Shuka la Kitanda cha Mlangoni

Tangu dada Pindo astaafu, watu wa hospitali yetu wakimsimulia husema alikuwa mpole. Waongo. Nilikaa naye chumba kimoja miaka kumi na mitatu, yeye kwenye cherehani ya kushoto na mimi kwenye ya kulia, na ninawaambia kwamba sijaona mtu mwenye kinyongo kirefu kama yule mama. Upole wake ulikuwa wa mtu anayesubiri. Mimi nina ulimi, yeye alikuwa na subira, na ukiambiwa uchague adui kati yetu wawili, nichague mimi.

Jina la Pindo tulimpa wenyewe. Hakuweza kuona pindo limefumuka akalipita. Ungeenda chumbani kwetu kuazima sindano tu, angekushika gauni, akakugeuza ukutani na kukushonea umesimama, huku akimlaumu mama yako kwa malezi. Daktari mmoja mzito aliwahi kushonewa mfuko wa koti akiwa amelivaa, na alibana pumzi mpaka dada alipokata uzi kwa meno.

Chumba chetu cha ushonaji kilikuwa nyuma ya dobi, kimetengwa na mashine za kufulia kwa ukuta mmoja, kwa hiyo mwaka mzima tulikaa kwenye joto na harufu ya klorini. Tulitia viraka mashuka, tuligeuza yaliyochakaa kuwa foronya, tulishona mapazia na gauni za chumba cha upasuaji. Kisha kwa zamu tulisukuma toroli la mashuka safi kwenda wodini na kuwatandikia wagonjwa wapya. Hakuna anayemtazama mtu wa mashuka usoni. Ndiyo maana tuliona mengi.

Siku moja sista mkuu wa wodi ya wanaume alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake haikupanda kamwe, na viatu vyake havikuwahi kuwa na vumbi. Alitaka mashuka kadhaa yatiwe alama ya uzi mweusi pembeni. Alisema ni ya wagonjwa wenye vidonda vichafu, ili dobi ayachemshe peke yake.

"Kwa nini mweusi, sista?" dada Pindo aliuliza. "Mweusi unapauka. Nina mwekundu mzuri."

"Uzi ni uzi, mama," sista mkuu alisema. "Wewe shona."

Akashona. Misalaba mitatu midogo kwenye kona, mshono wa kurudia, fundo kwa nyuma, kazi ambayo ingebaki pale shuka lenyewe likiwa limeoza. Mimi nilikuwa namkatia nyuzi. Na kwa kuwa mashuka yale yalichemshwa peke yake na kupigwa pasi peke yake, upande wetu wa ukuta tuliyaona ndiyo mashuka bora ya hospitali nzima. Dada alikuwa akiyakunja kwa heshima. Aliwahi kuniambia kwamba siku akilazwa, nimtandikie la uzi mweusi.

Sasa nieleze habari ya mdogo wake. Pindo hakujaaliwa mtoto. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa fundi wa redio. Alikaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango, redio zimemzunguka matumbo wazi, na kila akichomea waya alipiga mluzi bila kujijua. Watu walikuwa wakimpelekea redio nzima ili wakasikilize mluzi. Miaka sita kabla ya haya ninayosimulia alianza kutumia unga, kwanza kwa kuvuta, kisha kwa kujidunga. Dada alijua. Waligombana, wakanuniana, wakapatana, wakagombana tena. Kibanda hakikufungwa hata siku moja, na hilo dada alilisema kila mara, akionyesha kidole juu, kana kwamba kuna mtu aliyembishia.

Homa ilipompata ilikuja na baridi ya kutetemesha meno, ikaondoka, ikarudi. Alikonda shingo. Akipanda ngazi mbili anashika ukuta. Dada alimleta hospitali kwa nguvu, na njiani walikubaliana kwamba habari ya unga isitajwe, maana wote wawili waliwajua wauguzi wanavyowaita watu kama yeye. Teja. Ukishaitwa hivyo wodini, hata maji ya kunywa unayapata mwisho.

Lakini daktari aliyempokea hakuwa mjinga. Alimpima damu, akampiga picha ya moyo kwa ile mashine ya kupapasa kifua, akavuta stuli akakaa karibu naye. "Vijidudu vimeingia kwenye damu na vimejenga kwenye vali ya moyo wako," alimwambia. "Sindano ndiyo njia waliyopitia. Sikuhubirii. Ninachotaka ni wiki sita zako. Wiki sita za dripu, bila kuruka siku, na utarudi kwenye redio zako. Arosto ya kukosa unga ikianza, nimekwisha kukuandikia dawa ya kuituliza, asubuhi na jioni. Itavumilika." Aliandika yote hayo kwenye faili, kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo kwa daktari ni karama.

Fundi wa redio alipewa kitanda cha dirishani. Na dada Pindo, aliyekuwa na zamu ya toroli siku hiyo, alichagua. Alipita mashuka kumi ya kawaida, akavuta la chini kabisa, jeupe, limenyooshwa vizuri, lenye misalaba mitatu pembeni. Alimtandikia mdogo wake kwa mikono yake miwili, akaingiza kona chini ya godoro, akamwambia alale, hilo ndilo shuka safi kuliko yote.

Asubuhi sista mkuu alipopita na wauguzi wake aliliona shuka. Hakufungua faili. Alisema neno moja kwa muuguzi wa zamu, na kabla ya chai fundi wa redio alikuwa amehamishwa kitanda cha mlangoni, kile cha kwanza ukitoka chooni, ambacho kila anayepita anakigonga kwa ndoo.

Siku ya pili arosto ilianza. Pua ikitiririka, mifupa ikiuma, tumbo likimkata, ngozi imesimama vinyweleo kwenye joto lile. Aliomba dawa aliyoandikiwa. Muuguzi aliitazama kona ya shuka, akasema atarudi. Akaomba tena. Wakamwambia hospitali si kijiwe. Mlinzi alikuja kumpekua chini ya mto mbele ya wagonjwa wengine. Dripu ya asubuhi ilikuja saa sita, ya jioni haikuja. Siku ya nne sista mkuu alimletea fomu ya kuondoka kwa hiari na kalamu, akasimama pembeni kwa adabu akisubiri. Fundi alisaini. Yule daktari alikuwa na zamu ya upasuaji siku hiyo, na aliporudi alikuta kitanda kitupu. Dada alikuwa nyuma ya ukuta, anashona foronya, na hakuna aliyemwambia; mdogo wake mwenyewe, kila dada alipopanda kumwona jioni, alisema ni homa tu.

Aliishi siku tisa nyumbani kwa dada yake. Alimkatalia katakata kurudi hospitali. Siku ya saba akaanza kucheka, pumzi imembana, akicheka hivyo hivyo. Dada alinisimulia mara moja tu, na nitasema kama alivyosema.

"Dada," alimwambia, "unajua lile shuka ndilo lililonitangaza?"

"Shuka gani?"

"La uzi mweusi. Mgonjwa wa kitanda cha pili kaniambia. Kule juu maana yake ni teja. Wanasoma shuka, faili hawasomi." Akapumzika kidogo. "Ila umeshona vizuri. Nilijaribu kuufumua kwa kucha siku mbili nzima, haukutoka."

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, redio ya mteja ikiwa wazi juu ya meza.

Wiki ya mazishi ilipokwisha dada Pindo alipanda ofisini kwa sista mkuu. Mimi nilimsindikiza, nikabaki mlangoni. Sista mkuu alimpa pole. Kisha akafungua kabati, akatoa fomu, akaigeuza ili dada aisome. "Aliondoka kwa hiari yake, mama," alisema. "Sahihi yake hii hapa." Hakuwa na hasira wala haya. Dada alitazama sahihi ya mdogo wake kwa muda mrefu, akashukuru, akashuka. Alipofika kwenye cherehani alisema, "Nitasubiri," na akaendelea na foronya aliyoiacha.

Lile shuka la kitanda cha mlangoni lilikuwa limerudi dobi pamoja na mengine. Alilitafuta kwenye rundo, akalijua kwa kiraka alichokitia mwenyewe, akalifua kwa mkono, akalitia kwenye droo ya chini ya meza yake. Tangu siku hiyo hakushona tena uzi mweusi. Kazi ile niliendelea nayo mimi. Nilijua maana yake na nikashona, kwa sababu nilikuwa na watoto watatu na sista mkuu alikuwa na mdomo kwa wakubwa. Mnihukumu mkipenda. Mimi nimekwisha jihukumu, na hukumu yangu ni kali kuliko yenu.

Miaka ikapita. Wodi nyingine nazo ziliiga, kila sista akaja kutaka mashuka yake ya alama, mpaka desturi ikapanda ngazi ghorofa zote. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Muuguzi mpya alifundishwa mahali pa glovu, mahali pa chai, na maana ya uzi. Sista mkuu akastaafu kwa hotuba na maua, na dada Pindo ndiye aliyeshona kitambaa cha meza ya kumuagia, kazi safi isiyo na doa. Niliudhika. Nikamwuliza kama hana damu mwilini.

"Mdogo wangu," alisema, "watu wote hurudi hospitali."

Akarudi. Ilikuwa Ijumaa, mwaka na nusu baada ya ile hotuba. Karatasi ya wanaolazwa ililetwa kama kawaida, na dada alilisoma jina la sista mkuu, akalisoma tena. Wodi ya wanawake, ghorofa ya juu, homa ya wiki tatu. Akainama akafungua droo ya chini. Nilipoliona shuka lile, niliacha kukanyaga cherehani.

"Dada, unafanya nini?"

"Nina zamu ya toroli," alisema. "Natandika kitanda."

Nilipaswa kumzuia. Badala yake nilimshikia mlango.

Sista mkuu alikuwa amelala nusu usingizi kwa homa, amekonda, mikono yake yote imejaa alama nyeusi na za bluu. Alikuwa ametibiwa kwanza kwenye zahanati moja ndogo jirani na kwake, wakamtundikia dripu siku nane wakimtafuta mishipa kama watu wanaotafuta funguo. Mume alikwisha fariki, mwanawe alikuwa safarini, angefika Jumatatu. Wauguzi wa ghorofa ile wote walikuwa vijana, hakuna aliyewahi kufanya kazi naye. Dada alimgeuza ubavu, akatandika, akamgeuza ubavu wa pili, akanyoosha. Mwanamke yule hakumtazama usoni. Nani humtazama mtu wa mashuka?

Jumamosi nilitafuta kisingizio cha foronya nikapanda kuona. Nilimkuta keshahamishwa kitanda cha mlangoni. Alikuwa anamwomba muuguzi dawa ya maumivu, na kwa kuwa ni mtu wa kazi hiyo, aliitaja kwa jina, na kipimo, na kwamba apewe ya mshipa, siyo kidonge.

"Bibi," yule muuguzi alisema, akitazama kona ya shuka, kisha mikono yake, "majina yote hayo umeyajulia wapi?"

"Nilikuwa sista mkuu hapa. Wodi ya wanaume. Miaka ishirini na mbili."

"Na mimi ni waziri wa afya," muuguzi alisema, na mwenzake akacheka mpaka akashika meza.

Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilishuka zile ngazi nikiwa mwepesi. Anatokwa jasho, anatetemeka, ana alama mikononi, anataja dawa kwa jina, anakuwa mkali akikataliwa. Hizo zote zilikuwa dalili alizowafundisha wauguzi wake za kumtambua teja, na zilikuwa zimemkaa mwilini zote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilimweleza dada kila neno, nikiigiza sauti, nikitegemea acheke. Aliniuliza jambo moja tu, kama dripu ya asubuhi imefika kwa wakati. Nikasema imefika saa sita. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye mshono wake.

Jumapili tulipanda pamoja. Sista mkuu alikuwa anatetemeka kitanda kizima, midomo imekauka, pumzi fupi fupi, ile ya mtu aliyepanda ngazi. Dada aliitambua pumzi ile, ndiyo ya mdogo wake. Tulimwuliza muuguzi kama daktari ameitwa.

"Huyo? Arosto hiyo," alisema, hakuinua kichwa kwenye simu yake. "Ikimzidi atasaini ataondoka."

Dada Pindo alisimama kando ya kitanda. Sista mkuu alikuwa anapapasa kona ya shuka kwa vidole, taratibu, kisha akasimamisha mkono. Kwa mara ya kwanza alimtazama dada usoni.

"Nani amenitandikia hili?"

"Mimi."

"Nibadilishie," alisema. Sauti yake bado ilikuwa ya ofisini. "Unajua maana ya huu uzi."

"Uzi ni uzi," dada alisema.

Nilitegemea hapo angetishika. Miaka yote nilikuwa nikiisubiri sura hiyo, na nadhani dada aliisubiri zaidi. Lakini mwanamke yule alimtazama tu kama anatazama mgeni anayesema maneno yasiyo na mpango.

"Kitanda cha mlangoni," dada alisema. "Wodi ya wanaume. Fundi wa redio. Mdogo wangu. Ulimletea fomu."

Sista mkuu alifumba macho akijaribu. Nilimwona anajaribu kweli. "Walikuwa wengi, mama," alisema. "Wale wa mlangoni walikuwa wengi. Simkumbuki."

"Na nilikuja ofisini kwako," dada alisema, "ukanionyesha sahihi yake." Yule akasema sahihi pia zilikuwa nyingi.

Sijawahi kumwona dada Pindo akipigwa, lakini siku ile alipigwa. Alishika chuma cha kitanda. Miaka yote alimbeba yule mwanamke kifuani usiku na mchana, kumbe mwenzake hakumbeba hata dakika moja. Nilimvuta mkono. Nilimwambia kwa sauti ya chini, tuondoke, dada, mwache, kesho mwanawe atakuja kuchukua maiti na sisi hatukuona kitu. Nilisema hivyo, na nilikuwa namaanisha.

"Hapana," dada alisema. "Akifa leo atakufa hajui alichofanya. Sikubali."

Akalivuta shuka lile kutoka chini ya mgonjwa kwa nguvu mpaka dripu ikacheza, akatandika jeupe lisilo na alama, kisha akashuka ngazi. Hakwenda kwa daktari wa zamu. Alimpigia simu yule daktari aliyeandika kwa mwandiko unaosomeka, ambaye sasa alikuwa na mvi na alikuwa nyumbani kwake. Akafika na kandambili. Alisikiliza kifua, akaagiza damu, akasukuma mwenyewe mashine ya picha ya moyo. Alipomaliza aliwatazama wauguzi mmoja mmoja, kisha akamgeukia dada.

"Ni vali," alisema. "Zile dripu za zahanati. Wiki sita." Akakunja waya wa mashine. "Sawa na fundi wa redio."

Yeye alikumbuka. Dada alijibu "ndiyo, daktari" na akatoka nje ya wodi, na huko kwenye ngazi ndiko alikolia, na mimi nikashika toroli ili lisishuke peke yake.

Msifikiri ndio mwisho wa kisasi. Ndio kilikuwa kinaanza. Jumatatu dada alizunguka wodi zote na toroli tupu, akakusanya kila shuka lenye uzi mweusi, mia moja na zaidi, akawaambia yanakwenda kutengenezwa. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika amri ya kuyatia alama, hakukuwa na amri ya kumwonyesha ya kuyarudisha. Homa ya sista mkuu ilipoanza kushuka, dada alimwekea mashuka mawili juu ya miguu na mkasi mdogo wa kufumulia.

"Fumua."

"Nina homa, mama."

"Yeye pia alikuwa nayo, na hakuwa na mkasi. Fumua."

Nilitegemea mwanamke yule atakataa. Labda aliona kwamba hana mahali pa kwenda, ana kanula ya dripu mkononi na siku arobaini mbele yake. Akaanza. Mishono ya dada na yangu ilikuwa ya kudumu, fundo juu ya fundo, na vidole vya mgonjwa havina nguvu, kwa hiyo shuka moja lilichukua nusu saa, na mengine zaidi. Na wakati akifumua, dada alikaa kwenye stuli akimsimulia. Alimsimulia kidogo kidogo, kama dozi, kila siku kipande. Siku hii mluzi. Siku ile alivyojifunza kuchomea waya kwa msumari uliopashwa moto. Siku nyingine ile saa tumbo lilipomkata akiwa kwenye kitanda cha mlangoni na ndoo ikamgonga mguu. Kila mwanzo wa simulizi alimwuliza ya jana, na mgonjwa akikosea, alirudia tangu mwanzo.

Wiki ya tatu sista mkuu alitupa mkasi chini. Alisema atamshtaki kwa mkuu wa hospitali.

"Mshtaki," dada alisema. "Umwambie na unachokifumua ni kitu gani."

Nikaokota mkasi mimi. Akaupokea. Siku nyingine alilia, machozi yanadondoka juu ya shuka, na nikamtazama dada nikidhani moyo utalegea. Alimwambia asilowanishe uzi, uzi uliolowa haufumuki vizuri.

Wiki ya tano muuguzi wa wodi ya wanaume alishuka chumbani kwetu anatafuta shuka la alama. Wamelaza mtu, alisema, mpiga rangi wa majengo, mikono yote imetobolewa, homa, moyo.

"Yamekwisha," dada alijibu.

"Sasa watu wa zamu watamjuaje?"

"Kuna kitu kinaitwa faili. Lina kurasa. Zinafunguka."

Basi mpiga rangi alilala kitanda cha dirishani, kwenye shuka kama la mtu mwingine yeyote, na wauguzi, kwa kukosa cha kutazama pembeni, wakasoma alichoandikiwa. Kila asubuhi aliletewa dawa ya arosto kwenye kikombe kidogo, akainywa mbele yao, na dripu ikafuata. Siku ya kwanza aliyocheleweshewa, dada alimpandia sista mkuu akamwambia avae kandambili. Wakashuka wote wawili, mgonjwa na chuma chake cha dripu kinachobingirika, mpaka wodi ya wanaume, na sista mkuu mstaafu akamwambia muuguzi kwa ile sauti yake isiyopanda kwamba kikombe kikichelewa saa moja mtu anasaini, na akisaini anakufa. Sijui kama alisema kwa kuamini au kwa kumwogopa dada. Kikombe hakikuchelewa tena. Mpiga rangi alimaliza wiki sita akilalamikia chai kila siku, na siku ya kuondoka alipita mbele ya chumba chetu, pindo la suruali likiburuzika. Dada alimkamata. Yule akasema ana haraka. Akaambiwa kalala wiki sita halafu leo ndiyo ana haraka, asimame wima.

Lakini sista mkuu ndiye aliyetangulia kutoka. Siku yake ya arobaini na mbili mwanawe alikuja na gari, na mama yake akamwambia asubiri. Alikuwa amebakiza shuka moja, akalimaliza, akalikunja. Kisha akanyoosha mkono.

"Kuna moja sijalifumua," alisema. "Lile lililokuwa langu."

Dada alikuwa nalo kwapani. Alikuja nalo. "Hili la nani?" alimwuliza.

"La fundi wa redio," sista mkuu alisema. "Alikuwa akipiga mluzi akichomea waya. Alikaa siku nne kwenye kitanda cha mlangoni. Dawa yake ilikuwa imeandikwa na sikumpa. Nilimletea fomu na kalamu yangu mwenyewe." Alisema bila kukosea, akimtazama usoni. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na hakuambiwa atoke.

"Basi umejua," dada alisema. "Nenda nyumbani."

"Utanisamehe?"

"Hapana."

Tulishuka. Chumbani kwetu nikachukua mkasi wa kufumulia, nikamwambia anipe lile shuka nilimalizie mimi, tuliingize kwenye mzunguko na mengine, maana habari imekwisha na yule mwanamke ameondoka na mzigo wake.

Dada Pindo alilikunja mara nne, misalaba mitatu ikaja juu. Akapitisha kidole gumba juu yake, akaliweka kwenye droo ya chini, akazungusha ufunguo.

"Hili nililitandika mimi," alisema. Kisha akaniomba nimpitishie uzi mweupe.